Kabureta ya Land Rover ya Kilema

Mwaka 1981 spea za Land Rover zilikuwa hazipatikani Moshi nzima, hata kwa waliojuana na watu. Kwa hiyo gari la Damian lilipofika Njoro kwa fundi Wenseslaus likivutwa na lori, nami abiria wake nikiwa ndani, Damian alijua wazi: kabureta iliyogoma isipotengenezeka, kazi yake ya kushusha maziwa na wagonjwa kutoka Kilema hadi Himo imekwisha.

Wenseslaus hakuwa na bango. Mwaka wa Uhuru aliingia karakana ya shamba la miwa kuosha matrekta. Alipotoka, alikuwa mtu wa kuitwa mashine ikigoma. Kabla ya kufungua kabureta alinawa mikono kwa sabuni, kama anayekwenda mezani. Wenzake walimcheka kwa hilo.

Alifungua kifuniko. Skrubu moja ilitoka imevishwa nyuzi kavu za kahawia.

"Damian, hii nini?"

"Kamba ya mgomba, fundi. Skrubu ilikuwa inazunguka tu, haishiki. Nikaizungushia kidogo."

"Mwakani utaiwekea samadi." Akainusa. "Na uliikaza kwa nini mpaka uzi ukafa?"

"Petroli ilikuwa inavuja. Na petroli yenyewe unajua inavyopatikana! Ningeiachaje?"

Vipande vya kamba vilikuwa vimeziba njia ya petroli. Hivyo alivipuliza vikatoka. Shida ilikuwa tundu la skrubu: uzi wake, ile mikato ya kuzunguka inayoshika skrubu, ulikuwa umelika. Ilibidi alipanue, alichongee uzi mkubwa zaidi, alizibe kwa kipande cha shaba, kisha ndani ya shaba achonge uzi wa skrubu ile ile. Ukingo wa kabureta ulikuwa mwembamba. Ukipasuka, basi.

Shaba ilitoka jikoni. "Chukua," alisema mkewe Salvina, akimpa jiko bovu la kupampu. "Mafuta ya taa yenyewe unayanywesha vyuma."

Ni kweli. Alidondosha mafuta ya taa tunduni, akazungusha tepu, kile chuma cha kuchongea uzi, nusu duara mbele, akairudisha kidogo, akaizungusha tena. Ikakwama. Mimi ningelazimisha. Yeye aliichomoa yote, akaisugua kwa mswaki wa zamani, akaanza upya bila kuguna. Damian alitoka nje, hakuweza kutazama.

Kazi ilipokwisha alimwita, akampa bisibisi. "Funga wewe."

"Mimi tena? Si mimi niliyeua uzi?"

"Ndiyo maana. Vidole viwili tu."

Damian alizungusha polepole. Skrubu ikashika. Nikaona kiwiko chake kinajiandaa kuongeza.

"Hapo hapo!"

Akaacha.

Jioni tulipanda Kilema. Kwenye mwinuko wa mwisho, gari lilikozoea kukohoa, Damian alibadilisha gia. Injini ikavuta moja kwa moja hadi juu. Akatoa kichwa dirishani, akawapigia kelele akina mama waliokuwa wanarudi na majani ya ng'ombe:

"Maziwa kesho mtoe mapema! Sitamsubiri mtu!"