Kiti cha Mlangoni

Siku binti yangu alipotutangazia kwamba harusi yake itafanyika Italia, nilikuwa nakaanga dagaa na nyumba yetu yote hapa Ingleburn, pembeni mwa Sidni, ilikuwa inanuka Kigoma. Nikazima jiko kwanza, nisije nikaunguza vyote viwili, dagaa na mtoto.

"Italia ipi?" nikamuuliza, kama vile ziko nyingi.

Akanieleza kwa Kiingereza, maana watoto wetu hawa Kiswahili wanakisikia vizuri sana, hasa ukiwasengenya, ila kukijibu ndiyo kazi. Mchumba wake amezaliwa hapahapa Sidni, lakini wazazi wake ni Waitaliano, na bibi yake bado yuko kule kusini, kwenye kijiji cha pwani. Miguu imemchoka, ndege hawezi kupanda tena. Ana shamba la mizeituni linaloteremka mpaka karibu na bahari, na watoto hawa walitaka wafungie ndoa humo, ili yule mama mzee atoke jikoni kwake, avuke ua, amwone mjukuu wake akioa. Kazi yangu ni kutunza wazee, na nimewaona wengi waliovaa nguo zao nzuri tangu asubuhi wakisubiri wageni wasiokuja. Hapo ningebisha nini?

Nikabishia idadi. "Watu arobaini?" nikasema. "Arobaini hao ni wapishi! Wageni wako wapi?" Kwetu harusi haina kadi. Ukisikia ngoma unaingia, na ni yule asiyekuja ndiye watu wanamnunia. Mume wangu, ambaye huongea mara mbili kwa wiki, akasema, "Waache watoto." Hiyo ikawa ya kwanza.

Mama yangu tunaishi naye. Ndiye aliyemlea huyu binti nilipokuwa kwenye shifti za kiwandani kule Fairfield, na nilidhani yeye ndiye atakayepiga kelele. Wapi! "Mchungaji atakuwepo?" akauliza. Atakuwepo. "Mchele upo huko?" Upo. "Basi twende." Binti yangu akamkumbatia, akakaa naye kwenye kochi, akamfungulia simu amwonyeshe mahali penyewe. Mizeituni, bahari, na katikati ya shamba hema kubwa jeupe lenye taa ndogondogo kila kona.

"Tutafungia ndoa humu, Bibi."

Mama akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaivaa tena. "Hilo ni hema," akasema.

"Ndiyo, Bibi. Zuri, eh?"

"Mimi siingii hemani." Akasimama, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango, na sote tukasikia ufunguo ukizunguka.

Sisi ni Warundi. Tulikimbilia Tanzania nikiwa msichana, tukakaa kambini mkoani Kigoma, na miaka ya mwanzo, kabla watu hawajajenga vibanda vya udongo, nyumba yetu ilikuwa hema. Baba alifia humo. Binti yangu alizaliwa kambini pia, lakini aliletwa huku mdogo, na anachokumbuka ni vumbi na mbuzi mmoja mwenye pembe moja. Kwake yeye hema ni kitu cha kwenda nacho porini wikendi na marafiki, mkapige picha mkichoma nyama. Kwa hiyo sikumlaumu. Na mama nilidhani nimemwelewa: ni baba huyo, nikajiambia, ni huzuni, itapita.

Haikupita. Nilimbembeleza kwa chai, nikambembeleza kwa maandazi, nikamtuma mke wa mchungaji. "Nendeni salama," alikuwa anasema, "mniletee picha." Na binti yangu naye akasema maneno yake, akiwa amesimama palepale jikoni: Bibi asipokuja, hakuna harusi. Nilimjua. Kichwa kigumu kile alikirithi, sitasema kwa nani. Tukajaribu kila njia. Kanisa la kijiji kile liko juu ya kilima, ngazi tupu, bibi wa mchumba hafiki. Kukaa bila hema haiwezekani, jua la kule kiangazi lingemkausha yule mama mzee kwenye kiti chake. Kuhamishia harusi huku Sidni ndiyo kumwacha kabisa. Yaani tulikuwa na bibi wawili, mmoja hawezi kutoka kwake, mwingine hataki kuingia hemani, na bibi arusi katikati analia kila akioga akidhani maji yanaficha sauti.

Lakini maandalizi hayasubiri. Kila Jumamosi wanawake wa kanisa letu walikuja kwangu na vitenge, tukapimana viuno tukichekana, na ile harufu ya kitambaa kipya ikanirudisha mbali. Sasa nitasema jambo ambalo sikuwahi kulisema mbele ya mama: mimi nilipapenda kule kambini. Ndiyo, kambini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa na meno yote. Harusi yangu ilifanyika ndani ya mahema matatu yaliyounganishwa kwa kamba, jirani mmoja akatoa la kwake, mwingine la kwake. Gauni lilikuwa moja tu kambi nzima. Lilizunguka kwa maharusi wote, mnene likaachiwa mshono, mwembamba likabanwa kwa pini, na mimi nilibanwa kwa pini mpaka nikaogopa kupumua. Tulikula maharage na ugali wa yale mahindi ya njano ya msaada. Tulipiga madumu ya maji badala ya ngoma, na chupa chache za Fanta zikapita mkono kwa mkono, kila mtu funda moja, na ole wako uchukue mawili! Mwanga uliokuwa unapenya kwenye turubai ulitufanya wote tuonekane warembo. Nimeenda kwenye harusi za kumbi kubwa hapa Sidni, zenye keki ndefu kuliko bwana harusi, na bado sijaona furaha kama ile. Naikumbuka mpaka kifua kinauma.

Nafikiri ndiyo maana mama alikuwa ananiudhi. Alikuwa analichafua hema langu.

Binti yangu akapata wazo. Huku kwetu Ingleburn, kule upande wa maghala, kuna kampuni inayokodisha mahema ya sherehe, na Jumamosi huyasimamisha uani maharusi wayaone. Lilikuwepo moja la aina ileile ya Italia. Akasema Bibi akiliona kwa macho, akikanyaga sakafu yake ya mbao, atajua kwamba hili halina undugu na lile la Kigoma. Tukamwambia mama tunaenda Fairfield kununua unga wa muhogo. Akavaa viatu vya kutokea, akaketi mbele, na tulipokata kona kuelekea maghalani akasema, "Unga wa huku unauzwa na malori?" Binti yangu akaingiza gari uani.

Alishuka lakini. Hapo nitamsifu. Dada wa kampuni, mchangamfu kweli, akatukaribisha ndani. Sakafu ya mbao, pazia, taa inayoning'inia kama ya hotelini. Mama akatembea taratibu akishika nguzo moja baada ya nyingine. Akaminya kitambaa kwa vidole viwili. Binti yangu akanifinya mkono kwa matumaini.

"Mwambie anionyeshe mlango," mama akasema.

Nikatafsiri. Yule dada akacheka kwa furaha, akatupeleka tulipoingilia, akaonyesha zile pande mbili za kitambaa zilizovutwa kama pazia.

"Huu?" mama akauliza. "Unafungwa na nini?"

Dada akafungua utepe mweupe uliofungwa kama ua, akatuonyesha jinsi unavyofungwa tena. Mama akautazama ule utepe. Kisha akatoka, akaenda kukaa garini.

Hapo nikapandwa na hasira. Niliingia nyuma, nikabamiza mlango wa gari, binti yangu akashika usukani bila kuwasha. "Mama," nikasema, "na mimi si nilikaa humo? Na mimi si nilimzika baba? Niliolewa humohumo hemani, na nilikuwa na furaha! Wewe peke yako ndiye mwenye uchungu?"

Hakugeuka. Alikuwa anaangalia malori. "Ulikuwa na furaha," akasema, "kwa sababu ulikuwa unalala."

"Nini?"

"Ulilala, mwanangu. Mimi sikulala. Hema halina mlango. Kulikuwa na wanaume wanapitapita usiku, wanafunua mahema yenye wasichana. Baba yako alipokufa, nikawa nalala pale pa kuingilia, ubavu huku na mchi huku. Mtu akifunua anikute mimi kwanza. Nikawa hivyo mpaka ulipoolewa."

Jamani. Nilimkumbuka pale chini. Nilimkumbuka vizuri, maana kila asubuhi, nikiwahi foleni ya bomba, nilikuwa namruka. Nilikuwa namruka mama yangu na dumu mkononi, kumbe ndiyo kwanza amesinzia. Niliwahi kumuuliza kwa nini halali na sisi kule ndani, akasema ndani kuna joto, na mimi nikaamini, nikaenda zangu bombani nikiimba. Nikakumbuka pia siku ya kwanza tulipopewa nyumba kule Fairfield, fleti ya vyumba viwili yenye kapeti la kunuka. Sisi tulikimbilia kuangalia jiko na bafu. Yeye alisimama kwenye mlango, akaufunga kwa ufunguo, akaufungua, akaufunga, akaufungua, na mume wangu na mimi tukacheka mpaka tukashikana mabega. Tulidhani ni ushamba.

Nilimshika bega kutoka nyuma, nikamwegemea kwenye kitambaa chake cha kichwa, nikalia kwa sauti, na wale wachumba wengine waliokuwa wanaingia uani wakatuangalia, wakaangalia pembeni.

Binti yangu ndiye aliyesema. Akasema kwa Kiswahili, kile chake cha kuvunjikavunjika: "Bibi, mimi nitatoa hema. Hakuna hema."

"Usitoe," mama akasema. "Mtamuunguza mama wa watu kwa jua. Nitakuja." Akavuta mkanda wa gari, akaufunga. "Lakini kiti changu nitachagua mwenyewe. Na huo unga wa muhogo tunaununua, msifikiri nimesahau."

Tukaenda Fairfield, tukanunua unga.

Italia ilikuwa nzuri kama kwenye simu. Bibi wa mchumba alivuka ua wake akiwa ameshikwa huku na huku, amevaa nyeusi na hereni za dhahabu, akawekwa mbele kabisa. Pembeni yake kulikuwa na kiti cha mama yangu chenye jina lake. Mama akakitazama, akamsalimu mwenzake kwa kumshika mikono yote miwili, kisha akabeba kiti chake mwenyewe mpaka pale pa kuingilia. Akakiweka akiangalia nje, mgongo kwa watu wote, mkoba mapajani. Mwandaaji wa harusi, msichana mwembamba mwenye simu mbili, akamkimbilia kumrudisha. Nikamzuia. Mume wangu akapita na binti yetu mkononi, na bibi arusi akasimama hapo, akainama na shela lake lote, akambusu bibi yake shavuni, akaingia.

Mchungaji akaanza. Mimi kiti changu kilikuwa mbele, mama wa bibi arusi, na kitenge kilichonichukua Jumamosi nyingi. Nikageuka nikauona ule mgongo mdogo pale mlangoni. Huyu mama alimlea mtoto huyu, alimfundisha kusali na kusuka, na sasa alikuwa anaangalia magari yaliyoegeshwa. Nikasimama. Mume wangu akaninong'oneza, "Nenda." Hiyo ikawa ya pili. Nikabeba kiti changu mpaka mlangoni.

"Mama," nikamwambia, "geuza kiti. Uangalie."

"Na hapa atakaa nani?"

"Mimi."

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayepima mzigo kabla hajamtwisha mwenzake. Kisha akanyanyuka, akageuza kiti, akanisogezea changu mpaka kikaziba uwazi sawasawa.

"Usisinzie," akasema.

Kwa hiyo kwenye picha zote za harusi ile mimi ni mgongo wa kitenge cha bluu, na watu wakija kwangu Ingleburn wananiuliza kama nilikuwa nimekasirika. Sikumwona mwanangu akivishwa pete. Niliona mizeituni, bahari, magari, na mbwa wa kijiji aliyekuja kunusa viatu vyangu nikamfukuza kwa ishara. Ila nilisikia yote. Nilisikia kiapo, nilisikia makofi, halafu nikasikia vigelegele vya mama yangu nyuma ya kisogo changu, virefu, vya msichana kabisa, na sikukumbuka kuvisikia hata siku niliyoolewa mimi.