Samaki wa Wasiosemezana

Wazazi wangu, dereva wa lori na fundi cherehani, walikuwa wamenuniana. Jua la mchana lilipowaka, mama aliona samaki wetu wanahema juujuu, akatumbukiza chupa ya barafu kwenye tangi lao la kioo. Baba akapita, akagusa maji, akaona ni ya baridi mno, akawasha kipasha maji. Mama aliporudi akakuta maji yamepata moto, kimebaki kitunguu tu yawe supu, akaongeza chupa. Hivyo hivyo mpaka jioni. Kila mmoja aliapa moyoni kwamba nyumba imeingiliwa na shetani, lakini kumwuliza mwenzake? Thubutu!

Bibi, mama yake baba, akaweka kikombe chini, akasonya.

“Nyie! Hao samaki hawaumwi, wana walezi wasiosemezana. Hata chai yangu hii mmeitia sukari wote wawili.”