Riale ya Bibi Ilipogeuka Nishani ya Uhuru

Siku shule yetu pale Tabora ilipogawa nishani za Uhuru, mimi nilikuwa kitandani na homa. Nilipopona zilikuwa zimekwisha, na mwalimu mkuu alishatangaza kwamba asiye na nishani kifuani haingii kwenye gwaride la sikukuu. Nililia mpaka nikamchosha baba.

Baba alikuwa sonara. Aliazima nishani ya mtoto wa jirani akaigeuzageuza, akasema kuichora anaweza, ila kipande cha fedha cha kuchorea hana. Ndipo bibi, mama yake, akavua shingoni riale yake, sarafu kubwa ya fedha ya zamani. Alikuwa ameachiwa na babaye, mpagazi aliyebeba pembe za ndovu za matajiri begani hadi Bagamoyo, na hakuwa na kumbukumbu nyingine ya mzee huyo. Riale hiyo ilikuwa na sura ya malkia wa Ulaya, kidevu kinene.

"Mama huyu ametukodolea macho miaka yote," alisema. "Mfute."

Baba alimpiga tupa siku mbili. Upande mmoja akachora mwenge. Wa pili, badala ya maandishi yaliyokuwa kwenye ile ya jirani, akachora mpagazi na pembe yake begani. Nilichukia kwelikweli. Nani anavaa hamali siku ya Uhuru?

Asubuhi ya gwaride mwalimu mkuu aliitazama, akacheka. "Bati hili, binti. Toka kwenye mstari."

Nikatoka, machozi yananilenga. Bibi, aliyekuwa kati ya watazamaji, akaja na mkongojo wake mpaka mbele ya mwalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kwetu masonara fedha haipimwi kwa macho, hupimwa kwa mlio. Iangushe hapo kwenye saruji, kisha uangushe na yako."

Yake ilisema tak, ikanyamaza. Yangu ililia, ikaendelea kulia, hadi wapiga ngoma wakageuka. Vigelegele hivyo! Mwalimu mwenyewe alicheka, akaiokota kwa mikono miwili, akanipanga mstari wa mbele. Niliivaa mpagazi akiwa nje, nikapiga hatua kama jenerali.

Baadaye, nikiwa mwalimu katika kijiji cha ujamaa huko Ziba, alinijia mkusanyaji wa nishani. Nilipomweleza ilikotoka yangu, akasikitika kwamba baba aliharibu riale ya thamani. Nikamwonyesha ukingoni, tupa ilipoishia, nywele chache zilizosalia.

"Malkia wako huyo hapo," nikamwambia. "Na huyu aliyesimama kichwani kwake ni baba wa bibi yangu."