Mpeasi wa Pasua

Tabitha hakuwa mchoyo wala mgomvi, lakini mpeasi wa mdogo wake Mektrida, kule Kibosho juu, ulimkosesha raha. Ulizaa mpaka matawi yakaegemezwa miti. Mama yao naye hakusaidia. "Mektrida ana mkono wa baraka," alizoea kusema, akila peasi mbele ya Tabitha.

Bei ya kahawa ilipoanguka na kila mtu akatafuta kingine cha kupeleka sokoni, Tabitha alimwomba mdogo wake mche, akaupanda nyuma ya nyumba yake Pasua, chini ya mlima. Aliutilia samadi, akaulinda na mbuzi wa jirani, akaumwagilia hata siku ambazo bomba lilitoa ndoo moja tu. Miaka sita mti ukampa majani. Majani matupu, tena ya kung'aa, kama yanayomcheka.

Siku ya kipaimara cha mtoto wa Mektrida, wageni wakisifia matunda, uvumilivu ulimwisha.

"Si ulinipa mche dume, kama wa mpapai! Ulijua, ukanyamaza, usifiwe peke yako!"

Mektrida akaweka sinia chini, akaingia ndani. Tangu hapo hakukanyaga Pasua, hata Tabitha alipolazwa kwa malaria.

Bwana shamba Valerian alipopita mtaani, Tabitha akamwonyesha mti, akitaka shahidi wa dhuluma ile. Valerian akacheka.

"Mama, mpeasi hauna dume. Unataka baridi ndipo uchanue. Mlima huu una ngazi zake: huku chini mahindi na machungwa, katikati kahawa na ndizi, kule juu peasi na kabichi. Ungejua ngazi yako mapema, leo ungekuwa unamenya machungwa."

Haya zikamshika. Kesho yake alichuma jani la isale, lile ambalo Mchagga akiletewa hana budi kusamehe, akapanda nalo Kibosho.

Mektrida alilipokea kwa mikono miwili. "Yameisha, dada. Ila uliniumiza, na mbele ya watu."

"Nilikosa, mdogo wangu. Nisamehe," Tabitha alisema, na kweli alimaanisha. Lakini macho yalikuwa yameshapita bega la Mektrida, yanahesabu matunda tawi kwa tawi.

"We Tabitha!" mama yao akaita kutoka mlangoni. "Unamwomba msamaha mwenzio au mti?"

Mektrida akaangua kicheko. Tabitha naye akacheka, ila alichelewa kidogo.