Jiko la Pili Nyumbani kwa Clement

Clement Mughwai wa Mgori alikuwa na tabia moja iliyomchosha mwenyewe kuliko ilivyowachosha wengine: hakuweza kumtazama mwanawe Urbano kwa dakika tano bila kuanza kulinganisha. Akimwona amejilaza kwenye godoro, anaikumbuka ngozi ya ng'ombe aliyolalia yeye ujana wake wote, anajisemea kwamba kijana huyu amezaliwa wakati wa raha. Dakika ya sita anakumbuka jambo jingine. Yeye alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, na elimu yake ya darasa la saba, alikuwa tayari ana mke, tembe yake mwenyewe, maksai wawili na shamba. Urbano ana thelathini na moja, ana shahada ya ualimu, na bado analala chumba kilekile alichokulia. Hapo Clement anachanganyikiwa, anaanza upya.

Kwa fundi baiskeli, wazee wanapokutana, mjadala huo haukauki. Wako wanaosema vijana wa leo ni wavivu, na wako wanaosema dunia imewabana. Clement aliwahi kuwaunga mkono wale wa kwanza asubuhi na wale wa pili jioni ya siku hiyohiyo, na mara zote mbili alisema kwa moyo mmoja. Ukimbana atoe jibu moja atakwambia hajui, na kutojua huko kulikuwa kunamuuma kwelikweli.

Uanaume wake yeye ulianza siku moja tu. Mwaka 1987 baba yake alimpeleka ukingoni mwa msitu, akachomeka vijiti vinne, akamwambia kwa Kinyaturu kwamba humu ndani ni kwako, na ukilala njaa usije kugonga kwangu. Hakukuwa na semina wala cheti. Mwaka uliofuata serikali ya kijiji ikamgawia kipande kingine, jina lake likaandikwa kwenye daftari la wakazi kuwa mkuu wa kaya, na wazee wakaanza kumsogezea kigoda. Urbano naye alichomekewa nini? Shamba lile la msituni Clement aliliuza ili kijana asome chuo kikuu. Aliliuza bila majuto, maana aliamini kabisa kwamba mwalimu halimi, mwalimu ananunua. Urbano akasoma, akafaulu, akaitwa kwenye usaili mara nne, na mara zote nne akakuta ukumbi umejaa watu wa rika lake wenye bahasha ya vyeti kama yake. Kila safari alirudi mpole zaidi. Siku hizi alikuwa akizunguka vijijini na pikipiki ya kuazima, akikusanya kuku wa kienyeji na kuwapakia kwenye mabasi ya Dar es Salaam. Baba yake kazi hiyo aliiita kuzurura.

Kilichomuudhi Clement zaidi kilikuwa sembe. Nyumbani kwake kulikuwa na desturi aliyoirithi kwa baba yake: mwanaume analima, anavuna, anamkabidhi mke mavuno, na tangu hapo mguu wake haukanyagi ghalani. Mume anayechungulia ghala la mkewe huchekwa mpaka na watoto. Clement hakuwa amechungulia ghala la Rahabu tangu amuoe, na aliona fahari kwa hilo. Kwa hiyo ugali wa uwele ulipoanza kuadimika na sembe nyeupe kuzidi, alimuuliza tu mkewe, naye Rahabu akamjibu kwamba anabadilisha uwele kwa sembe kwa sababu Urbano amezoea vyakula vya chuoni. Clement akameza jibu hilo. Kila jioni akawa anamega ugali ule mweupe huku akimtazama mwanawe kwa jicho la pembeni. Mtu mzima, aliwaza, hana hata banda lake, na bado anatuchagulia unga.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka mkutano wa kijiji ulipotangaza viwanja. Vingepimwa kando ya barabara, kimoja kwa kila kaya ambayo mkuu wake hajawahi kugawiwa ardhi na kijiji. Clement alikwishagawiwa enzi zile, hivyo kaya yake haikuwemo. Urbano hakuwa amegawiwa kitu, lakini hakuwa na kaya. Kwenye daftari alikuwa mtoto wa Clement. Mwenyekiti wa kitongoji, Esta, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alisema angepita Alhamisi nyumba kwa nyumba kuhakiki. Akaeleza pia anachokwenda kutazama: kaya ni watu wanaopika pamoja na kula pamoja, kwa hiyo yeye angehesabu majiko.

Clement alirudi nyumbani kwa mwendo ambao miguu yake ilikuwa imeusahau. Alikitaka kiwanja kile kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu apate maksai wake. Urbano akikipata, shamba la msituni litakuwa limerudi kwa mlango mwingine, na huenda yeye akaweza kumtazama mwanawe na moyo ukatulia. Jumatano asubuhi alifagia chumba walichokuwa wakilala mbuzi kabla hawajauzwa, akapanga mafiga matatu, akaweka na sufuria.

"Hapa ndipo kwako," alimwambia Urbano.

Urbano alichungulia. "Baba, si walilala mbuzi hapa?"

"Mimi nilianzia porini."

"Sikatai. Ila mwenyekiti tutamwambia nini? Tumdanganye?"

"Nani kasema kudanganya? Utapika."

Urbano aliitazama sufuria, akamtazama na baba yake. "Nipike leo, ili kesho niwe mtu mzima?"

Clement alimwambia kuni ziko nyuma ya nyumba.

Likabaki suala la moto. Katika ukoo wao, kijana anapotoka kwenda kujitegemea, mama yake ndiye anayechukua kijinga cha moto jikoni kwake na kwenda kumwashia jiko lake la kwanza. Clement alimwendea Rahabu kwa upole, akamweleza mpango wake wote. Rahabu hakunyanyua hata uso.

"Moto wangu nautoa mwana akioa au akihama, baba Urbano. Huyu anahamia wapi? Kwa mbuzi?"

"Ni kwa ajili ya kiwanja."

"Nimesikia. Simtoi mwanangu kwangu kwa ajili ya daftari."

Basi Urbano akawasha kwa kiberiti. Alipika ugali uliojaa madonge, kuku wakaushambulia, na jioni akaja kukaa mahali pake pa kila siku, akanawa mikono, akala sembe ya mama yake na mlenda. Clement aliliona hilo, lakini alijipa moyo kwamba jivu lipo, na jivu ndilo litakaloonekana.

Alhamisi Esta alifika mapema, daftari lake likiwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, mzee Clement."

"Marahaba, mwenyekiti. Karibu sana. Hapa sasa tupo kaya mbili."

"Mbili?"

Alimpeleka. Esta aliinama, akagusa jivu, akavuta pumzi ambayo bila shaka ilikuwa na mbuzi ndani yake. Kisha akamgeukia Urbano, aliyekuwa amesimama nyuma ya baba yake.

"Shikamoo, mama," alisema Urbano.

"Marahaba, mwanangu. Jiko hili ni lako?"

"Ni langu tangu jana."

"Jana jioni ulikula wapi?"

Clement alikohoa. Urbano akatazama chini. "Kwa mama."

"Na chai ya leo?"

"Kwa mama."

Esta akalifunga daftari. "Mzee, unajua ninavyokuheshimu. Hii siyo kaya. Nikiiandika hii, kesho kila mwenye kijana atapanga mafiga, halafu mimi nitagawa nini?"

Clement alihisi kiwanja kinamponyoka, na hasira zote za miaka minane ya kusubiri mwanawe apate kazi zikapata mlango. "Ulishindwa kusema umekula hapa?" alimfokea mwanawe. "Neno moja tu. Ndiyo maana hata huko kwenye usaili unarudi mikono mitupu. Miaka yote unakula unga wangu, siku moja tu nakuomba—"

"Unga wa nani?"

Rahabu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko lake, mwiko mkononi.

"Mama, acha," alisema Urbano haraka.

"Siachi. Nimeacha mwaka wa pili huu." Akamtazama mumewe usoni. "Ghala halina kitu tangu mwaka juzi, uwele ulipokaukia shambani; akiba unayodhani ipo iliisha, na hicho kidogo unachonikabidhi hakimalizi mwezi. Hakuna ninachobadilisha. Hiyo sembe unayomnunia, ananunua yeye kwa kuku wake hao. Dawa zako za presha ananunua yeye. Nilitaka kukwambia, akanikatalia. Alisema utaumia."

Clement aliketi juu ya kinu. Alitaka kukasirika akakosa pa kuanzia. Ghala lilikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, angeweza kwenda kuchungulia mwenyewe, ila alijua mkewe hasemi uongo. Aliona aibu, aibu ya kumtazama mtu vibaya kwa miaka miwili kwa chakula alicholeta mtu huyohuyo. Na juu ya aibu, lile swali lake la siku zote likarudi likiwa limegeuka sura. Yeye akiwa na umri wa Urbano alilisha familia kwa shamba alilopewa. Urbano hakupewa shamba, analisha baba na mama, na hana pa kuweka kitanda chake mwenyewe. Kama ana uwezo wa kulisha nyumba, mbona hana kitu? Na kama hana kitu, wao wamekuwa wakila nini? Nani basi kati yao ndiye aliyepata tabu? Alijaribu kulishika wazo hilo likamteleza.

Esta alikuwa amelifungua tena daftari. "Basi jiko ni moja na chakula ni kimoja. Ni kaya moja, hilo halina ubishi. Ila kuna swali ambalo miaka yote nimekuwa nikilijaza bila kuuliza. Mkuu wa kaya. Kwa taratibu zetu ni yule anayeilisha." Akaichomoa kalamu. "Sikulazimishi, mzee. Ukisema ni wewe, naacha kama lilivyo naenda zangu. Ukisema ni yeye, basi hii ni kaya ambayo mkuu wake hajagawiwa ardhi."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

"Aachwe baba," alisema Urbano. "Kiwanja nitatafuta."

"Kwa kuku?" aliuliza Rahabu.

Clement alimkumbuka baba yake, aliyekufa akiwa kipofu, halimi wala hachungi, na jina lake juu ya orodha mpaka siku ya mazishi. Hakuna aliyewahi kufikiria kulifuta. Naye alitarajia hivyohivyo. Kiwanja alichokitaka sasa kilikuwa mbele yake, na hakuweza kuelewa kama akikubali anampa mwanawe kitu au anamtwika kitu. Kwa fundi baiskeli hakuna aliyewahi kulizungumza jambo kama hili.

"Nifute," alisema.

"Baba..."

"Nimesema anifute. Akuandike wewe."

Esta alipiga mstari polepole, akaandika juu yake: Urbano Clement Mughwai. Akaandika Rahabu, mama wa mkuu wa kaya. Alipofika mstari wa tatu kalamu yake ikasita, akauliza kwa sauti ya chini, kwa heshima yote.

"Mzee, wewe nakuandika baba wa mkuu wa kaya. Sasa hapa wanataka kujua: unajitegemea, au kuna unayemtegemea?"

Clement alifungua kinywa aseme yeye ni mkulima. Lilikuwa jibu la kweli, alikuwa amelima hata mwaka huu.

"Andika namtegemea mwanangu," alisema.

Esta akaandika. Kiwanja kilikuwa kimepatikana, na Clement akamgeukia Urbano ampongeze. Alimkuta ameegemea ukuta wa chumba cha mbuzi, amejifunika uso kwa mikono yote miwili, analia bila sauti. Clement akamsogelea, akamshika bega, na hapo akasimama asijue ampe hongera au amwombe radhi.