Shafiq, Kasuku na Rangi Kumi na Sita

Saa tisa alasiri, saa ambayo mfungaji huanza kuona sambusa hata mawinguni, Shafiq Munyakazi ameegemeza shavu kwenye kiganja, anaitazama skrini. Vidoto vyeupe vinajitokeza kimoja kimoja juu ya weusi: ua, mwezi, jani, kisha ua tena. Ukipita haraka utadhani amelala. Ukipita polepole utakuwa na hakika.

"Sijalala," anasema bila kugeuka. "Naisubiri imalize kuchora."

Mvua imetoka kupita Biryogo. Ukungu umeshuka kutoka Mlima Kigali hadi mabatini, na vyerehani vya barazani vinakwenda taratibu, kama navyo vimefunga. Ni wiki ya mwisho ya Ramadhani, Machi 1992, na mtaa mzima unaota macho wazi.

Shafiq, mwenye miaka thelathini na minne, anauza na kufunga kadi za rangi: vile vibao vya kijani vyenye mistari ya shaba vinavyochomekwa ndani ya kompyuta ili skrini ionyeshe picha. Hapa Kigali kompyuta nyingi ziko maofisini, na nyingi kati ya hizo zimefunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya bibi harusi. Kuishi kwa kuuza kadi ni sawa na kuuza miwani kwa watu waliofumba macho.

Majina ya kampuni zinazotengeneza kadi hizo hayatamkiki, kwa hiyo Biryogo imezipa mengine kufuatana na picha za kwenye maboksi. Kuna Samaki, kuna Nyota, na zamani kulikuwa na Tembo. Huko zinakotoka hugombania bei: mmoja akishusha, mwenzake anashusha zaidi, mpaka wote wawili wanakosa cha kulipia umeme. Tembo alikufa mwaka juzi, na hapa mtaani hakuna aliyemwekea matanga.

Chumba cha Shafiq kilikuwa karakana ya redio ya marehemu baba yake. Msumari ambao mzee alitundikia koti lake bado upo ukutani, na Shafiq hatundiki kitu hapo. Mwaka 1988 alimkaribisha humo Cyriaque Nsengiyumva, fundi wa televisheni, wakafungua duka la pamoja. Walikuwa pua na mdomo. Hata wateja waliwachanganya, mmoja akidaiwa, mwingine akikemewa.

Kilichowatenganisha ni Samaki. Mwanzoni mwa mwaka jana Samaki alitangaza kadi za rangi kumi na sita kwa nusu ya bei. Cyriaque akasema samaki anayejishusha bei hivyo ameanza kunuka. Shafiq akaagiza katoni nzima.

"Nilidhani ananipenda," anasema.

Barabara ya kaskazini imefungwa na vita, kwa hiyo katoni ilizunguka kupitia Dar es Salaam, ikasafiri kwa lori, ikakaa mpakani Rusumo kama mgeni asiyejua adabu ya kuondoka. Ilipofika Biryogo, kampuni ya Samaki ilikuwa imeshafunga milango, na watu walikuwa wameacha kuzungumzia rangi kumi na sita. Sasa walitaka mia mbili hamsini na sita.

"Nilipokea mirathi," anasema Shafiq. "Kila kitu kilikuwepo ila marehemu."

Cyriaque alihamia ng'ambo ya barabara na kadi za Nyota, akaweka skrini dirishani, na ndani ya skrini akamweka kasuku. Wanaomkumbuka kasuku yule wanamsimulia kwa sauti ya chini. Manyoya yake yalikuwa na wekundu wa aina tano, na kijani chake kilikuwa kile cha migomba ikishanyeshewa. Watu walitoka hata Nyabugogo kuja kumwona, na mama mmoja alimwekea karanga dirishani.

Shafiq naye akaweka kasuku wake, wa rangi kumi na sita. Watoto wakasimama, wakamtazama sana, kisha wakauliza kwa huruma yule kuku anaumwa nini.

Kuanzia hapo wateja wakavuka barabara na hawakurudi. Ilifika miezi ambayo Shafiq hakuingiza hata faranga elfu sita za kodi, akaziba kwa kutengeneza pasi za majirani. Mwezi wa kumi na mbili mwenye nyumba, Bi Kabagwira, alikuja, akakaa, akasifu usafi wa chumba, akamwambia kwamba Cyriaque anakitaka kiwe stoo yake. Alisema kwa upole wa mtu anayeagiza chai: atamvumilia hadi Idi, na kama hadi Idi chumba kitakuwa bado hakina wateja, basi.

Shafiq aliutazama ule msumari.

Aliyemwamsha ni mkewe, Mukashema, ambaye hudarizi kofia. Siku moja alimletea chakula, akasimama nyuma ya skrini na kijungu mkononi, akimtazama yule kuku.

"Baba Uwase, hii mashine inajua kuweka kidoto mahali ninapotaka?"

"Inajua kidoto tu. Ndiyo kazi yake yote."

"Na rangi iko ngapi?"

"Kumi na sita. Ndiyo maana tunafukuzwa."

"Kofia inataka moja," akasema Mukashema. "Kumi na tano utampa kuku wako."

Asiyewahi kudarizi kofia aelezwe kidogo. Ile nakshi ni matundu madogo yanayotobolewa kwenye kitambaa cheupe, kila tundu likazungushiwa uzi. Kwanza huchorwa kwa penseli, na hapo ndipo balaa lilipo, maana kofia ni duara. Ukikosea nafasi kidogo kwenye ua la kwanza, ukifika kisogoni ua la mwisho linabaki na nusu ya mwili. Mukashema ana kofia mbili za namna hiyo sandukuni. Shafiq huvaa mojawapo na hujitahidi asimpe mtu kisogo.

Kwenye skrini Mukashema alichora ua moja, kidoto kwa kidoto, akilirekebisha kama mtu anayechambua mchele. Shafiq akalirudia kwa mashine mara kumi na mbili, wakaona kabla ya sindano kugusa kitambaa kama duara linafunga. Halikufunga. Wakapunguza jani moja, likafunga. Kisha wakaiwasha printa, ile inayopigapiga vijisindano kwenye utepe wa wino na kulia kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo, ikatoa karatasi ya vidoto. Mukashema akaitandaza juu ya kitambaa na kutoboa alipoonyeshwa.

"Alinyamaza," anasema Shafiq. "Nikajua ni nzuri. Mukashema akisifu, anakudanganya."

Januari shoga yake alitaka la kwake. Baada yake akaja jirani wa shoga, lakini huyu alitaka la kwake lifichwe shoga asilione, na shoga akataka hivyohivyo kwa la kwake. Karatasi moja ni faranga mia mbili, na siri ni bure. Shafiq amelazimika kutundika pazia mbele ya skrini, na kinamama wanasubiri kwenye benchi huku kila mmoja akijifanya amepita tu kusalimia. Mmoja ametaka nakshi ya mawimbi ya Ziwa Muhazi. Mwingine amesimulia ua aliloliona ndotoni, na Shafiq, ambaye ndoto ni fani yake, amelichora bila kuuliza swali hata moja.

Wiki mbili zilizopita radi ilipiga Biryogo. Kwa Shafiq mashine ilikuwa imezimwa, maana adhana ilikuwa karibu na printa ina kelele. Ng'ambo ya barabara kadi iliungua, kasuku akazimika na hakuwaka tena.

Cyriaque alikuwa ameuza kadi zake zote za Nyota. Alipopiga simu kuagiza nyingine, alijibiwa kwamba Nyota naye amezidiwa na washindani, amefunga. Duka linalouza picha likabaki na kioo cheusi dirishani, na watu wakaanza kukitumia kujitazama meno.

Alasiri hii Cyriaque anavuka barabara. Anaingia mkono mmoja mgongoni. Kinamama wa benchini wanaona anachoficha: andazi, alilokuwa anakula akasahau kwamba anakwenda kwa wafungaji.

"Bon, Shafi," anasema. "Nimekuja kuomba Samaki."

"Si ulisema ananuka?"

"Nilisema. Sasa mimi mwenyewe nanuka. Nipe moja nifungue dirisha, hata kama ni kuku."

Kila mmoja hapa anajua kwamba dirisha la Cyriaque likibaki giza hadi Idi, hatakuwa na haja ya stoo, na chumba hiki kitabaki cha Shafiq. Shafiq anamtazama rafiki yake, kisha andazi. Anainama chini ya meza, anatoa kadi ndani ya boksi lake na kuipuliza vumbi.

"Utailipa ukipata mteja," anasema. "Na hilo andazi kalile nje. Linanitesa."

Mukashema, kutoka nyuma ya pazia, anauliza kwa sauti kama Baba Uwase ameanza kutoa zaka mapema. Shafiq anasema ndiyo.

Ni baada ya swala ya alasiri Bi Kabagwira anapoingia. Kofia ya kaka yake, ya nakshi ya Shafiq, imeisha kushonwa, amekuja kuionyesha, lakini kwanza anasimama mlangoni muda mrefu akitazama ng'ambo. Kwenye dirisha la Cyriaque kuna ndege mwenye wekundu mmoja na kijani kimoja, mnyonge, amejikunja.

"Nilidhani huyo kuku ni wako," anasema.

"Amehama, Bi."

Bi Kabagwira anageuka. Anahesabu benchi kwa macho, analitazama pazia, anautazama msumari usio na koti. Anatoa kofia kwenye mfuko na kuizungusha mkononi taratibu, mpaka ua la mwisho linakutana na la kwanza.

"Basi wewe usihame," anasema. "Wa ng'ambo nitamwambia mwenyewe."

Anamwomba Shafiq aitundike kofia mahali isikunjike wakati yeye anakunjua mwavuli wake. Shafiq anatafuta mahali. Halafu, baada ya kusita, anaitundika kwenye msumari.

Kinamama wameondoka kwenda kupika, jua limepenya ukungu, na bonde la Nyabugogo limepata ile rangi ya jioni isiyo dhahabu wala waridi. Shafiq anasema siku moja atanunua kadi itakayoweza kuionyesha rangi hiyo, aiweke dirishani, na Cyriaque akitaka arudi wauze pamoja. Anapoulizwa ataagiza kwa kampuni gani, anafikiri mpaka inadhaniwa amelala kweli.

"Ile ambayo lori likifika Biryogo," anasema, "nitakuta bado iko hai."