Fundi wa Vyeo

Fundi cherehani wa kambi ya askari pale Kalemie ameshonea majeshi matatu bila kuhama kiti: la Wabeleji, la uhuru, na sasa la Zaire. Kila jina lilipobadilika alifumua beji za zamani akatunza nyuzi, maana uzi, husema, hauna serikali. Tepe za cheo huzipima kwa kidole gumba, kama alivyofundishwa na mshonaji wa jeshi la Nigeria alipopelekwa huko na askari wa Wabeleji wakati wa Vita vya Pili, kabla hajakalia kiti hiki. Hata ofisa akiingia, fundi hasimami mpaka sindano itokee upande wa pili.

Jumatatu moja Mama Victorine alimletea shati la mumewe. Mume huyo, koplo, alikutwa amelala kwenye zamu bandarini, akavuliwa cheo, na mama alikuja kwa njia ya nyuma, akikwepa macho ya sokoni. Fundi alilitandaza shati mezani. Alifumua tepe uzi kwa uzi, akatandika kitambaa kibichi, akapiga pasi ya makaa mpaka matundu ya sindano yakazibika. Kisha akaligeuza shati, akazishona tepe zilezile ndani, nyuma ya mfuko wa kifua, kwa mishono mirefu, milegevu.

"Papa, walisema utoe," Mama Victorine alinong'ona.

"Nimetoa, Mama." Akakata uzi kwa meno. "Zinangojea tu. Za komanda wetu huyu zililala vilevile ndani ya shati lake mwaka muzima, kisha akarudishiwa."

Mama Victorine alicheka mpaka akashika mlango. Akatupa shati begani, akarudi kwa njia ya sokoni.